Kusi, Bamvua na Safari za Bahari: Tutarajie Nini Wiki Zijazo, na Sharia Inatutaka Tufanye Nini?

 

Masika yamekwisha na upepo wa kusi umeshika. Kuanzia sasa mpaka mwishoni mwa Agosti bahari yetu itakuwa katika hali yake kali, hasa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu, kupanda mpaka Matemwe. Na ni wiki hizi hizi ambazo watu wetu husafiri kwa wingi. Wafanyabiashara wanavuka kwenda Sabasaba Dar es Salaam, watoto wako likizo, jamaa walioko Bara na Arabuni wanarudi kuwaona wazee, na Makunduchi inapokea umati wa Mwaka Kogwa. Bahari kali na watu wengi vikikutana, ndipo hutufikia zile habari ambazo hakuna anayependa kuzisoma.

Kila kusi ikianza, swali moja huturudia kwa sura mbalimbali: inafaa Muislamu kupanga safari au kazi yake kwa kufuata utabiri wa hali ya hewa? Wengine wanauliza kwa nia njema. Wengine wamekwisha jipa jawabu, kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wanadai elimu ya ghaibu, na kwamba mwenye kutawakali hamtazami ila Mola wake. Tutalijibu, lakini kwanza tuieleze bahari yenyewe, kwani hukumu ya kitu hujengwa juu ya kukijua kitu chenyewe, na hatuoni faida ya fatwa ya bahari kutoka kwa mtu asiyejua bamvua ni nini.

Upepo wa kusi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Upande wa mashariki wa kisiwa unaupokea uso kwa uso. Upande wa magharibi, Mji Mkongwe, Mangapwani mpaka Kendwa, uko katika kinga ya kisiwa. Ndiyo maana mtu wa Malindi anayatazama maji ya bandarini yametulia, anampigia simu ndugu yake wa Jambiani kumwambia leo bahari shwari, na huko mwamba unanguruma tangu alfajiri. Bahari ya safari si ile unayoiona kutoka Forodhani. Boti ikishakivuka kisiwa cha Chumbe kuelekea Dar es Salaam, kinga imekwisha. Vivyo hivyo chombo cha Pemba kikishaipita Nungwi, kinaingia katika mkondo wenye kina kirefu na maji yanayokwenda kwa nguvu.

Mawimbi nayo ni ya aina mbili, na wavuvi wetu wanazijua hata kama hawazipi majina ya vitabuni. Yako mawimbi mafupi yanayozaliwa na upepo wa papo hapo. Upepo ukilala, nayo yanalala. Na yako mawimbi marefu yanayotoka mbali, yaliyozaliwa na dhoruba za bahari ya kusini, yanayosafiri siku kadhaa mpaka kutufikia. Haya yanaweza kuja siku ambayo jani la mnazi halitikisiki. Ndiyo yanayowahadaa vijana: hawaoni upepo, wanadhani hakuna bahari.

Matangazo ya TMA katika msimu huu mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Wengi wetu tunasikia mita 2 tunaona ni kidogo. Mita 2 ni zaidi ya urefu wa mtu mzima aliyesimama, na ubavu wa ngalawa juu ya maji haufiki hata nusu ya hapo. Tena katika elimu ya bahari, kipimo kinachotangazwa kwa kawaida ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, kwa hiyo moja moja huwa kubwa kuliko hapo. Mvua hazitakuwa tatizo. Tutapata manyunyu ya mchoo, baridi ya kipupwe, na asubuhi zenye mawingu. Wala huu si wakati wa vimbunga, ambavyo katika bahari yetu kawaida yake ni Novemba mpaka Aprili, mara chache Mei. Basi atakayeletewa katika simu yake sauti ya mtu asiyejulikana anayetangaza tufani wiki ijayo, asiisambaze.

Ama maji kujaa na kupwa, hapa Muislamu ana kalenda yake mfukoni. Bamvua hufuata mwezi. Maji makubwa kabisa huja kiasi cha siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na baada ya mwezi mpevu, yaani takriban tarehe 1 mpaka 3 na tarehe 15 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu ni katikati ya hapo, karibu na tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24. (Bahari haina habari na khitilafu yetu ya kuandama, ikiwa msikiti huu umefunga jana na ule leo, maji yatajaa kwa wote saa ile ile.) Siku za bamvua maji ya Unguja hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Tofauti ya maji makavu na maji yaliyojaa hukaribia mita 4.

Maana yake kwa pwani kama ya Paje na Jambiani ni hii. Asubuhi ya bamvua bahari inarudi nyuma mbali, kina mama wanashuka kwenye mashamba ya mwani, wavuvi wa pweza wanatembea mpaka karibu na mwamba, na watoto wanafuata. Maji yakianza kurudi hayaji kama ukuta mbele ya macho. Yanapita kwanza katika mikondo na milango ya mwamba, yanajaza mabonde yaliyo nyuma ya mtu, yaani baina yake na nchi kavu, na yeye bado amesimama pakavu anachokoa pweza. Kasi kubwa iko katika saa ya tatu na ya nne baada ya maji kuanza kuja. Kwa hiyo aliyeshuka saa mbili asubuhi awe ameshageuka kurudi kabla ya saa tano, si kusubiri adhana ya adhuhuri. Kisha baada ya alasiri, wakati watoto wametoka chuoni na wanakimbilia kuoga, ndipo maji yamejaa kabisa, mawimbi yanapita juu ya mwamba mpaka ufukweni, na yakianza kupwa yanavuta kuelekea kwenye milango ile ile. Mzazi anayemruhusu mtoto kuoga tarehe 16 ya mwezi baada ya alasiri wakati wa kusi, bila mtu mzima anayejua maji, ajue anamruhusu katika saa mbaya.

Wageni wanaoteleza juu ya maji kwa matiara pale Paje wanaupenda upepo huu, na vijana wetu wanapata riziki kwa kuwafundisha na kuwahudumia. Hatuna neno nalo. Ya mavazi tumeyaandika mara nyingi na leo si mahali pake. Tunachosema ni kwamba mgeni anavaa koti la kuelea na ana boti ya kumfuata, na kijana wetu anaingia na kaptura yake. Wasilinganishwe.

Wazee wetu walikuwa na hesabu mbili: mwezi kwa ajili ya maji, na Nairuzi kwa ajili ya upepo. Mwaka wa Kiislamu unasogea kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, hivyo Muharram haikwambii kama ni kusi au kaskazi. Ndipo mabaharia wakahesabu siku za Nairuzi kwa makumi, miongo, wakajua mwongo gani wa kutweka tanga na mwongo gani wa kupandisha chombo pwani. Mengi yanayofanywa Makunduchi siku ya Mwaka tuna maneno nayo, na wenyewe wanayajua maneno yetu, lakini hesabu ya miongo ni elimu na haina ubaya. Ahmad bin Majid, nahodha wa Julfar katika karne ya 15, aliandika juu ya misimu ya safari katika kitabu chake cha Fawaid, na neno lenyewe "msimu" ni la Kiarabu, mawsim. Mabaharia Waislamu walikuwa wakitazama wakati wa kusafiri na wakati wa kukaa kabla haijakuwapo setilaiti, na hatukusikia mwanachuoni aliyewaambia kwamba wamemshirikisha Mungu.

Tuje kwenye swali. Sehemu ya fitna imeletwa na neno. "Utabiri" katika masikio ya watu wetu ni kazi ya mpiga ramli na mtazama nyota, na hao hukumu yao inajulikana. Lau ingesemwa "matarajio ya hali ya hewa" nusu ya maswali yangekwisha. Sura ya Luqman, aya ya 34, inataja kuteremshwa mvua pamoja na elimu ya Kiama na yaliyomo matumboni, na wapo wanaoisoma aya hii kuwa ni jibu kwa TMA. Lakini ghaibu ni kile kisicho na dalili ya kukifikia. Anayeona wingu zito akasema karibu itanyesha hajadai ghaibu, na anayepima mgandamizo wa hewa, joto la bahari na mwendo wa upepo, akasema upo uwezekano, amefanya kama yule wa wingu ila jicho lake linaona mbali zaidi. Angesema ni yakini isiyo na shaka, hapo tungemkataza. Bali wao wenyewe hawasemi hivyo. Tazama tangazo lao: limeandikwa kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazotarajiwa. Hiyo ndiyo dhana, na fiqhi yetu imejaa hukumu zilizojengwa juu ya dhana yenye nguvu.

Kilichokatazwa ni kile kilichokuja katika hadithi ya Zaid bin Khalid aliyoipokea Bukhari na Muslim, usiku wa mvua pale Hudaibiya: mtu kuinasibisha mvua na nyota kana kwamba nyota ndiyo inayonyesha. Sababu ni sababu, na Muumba wake ni Allah. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.), akiona wingu au upepo ilikuwa ikionekana usoni mwake wasiwasi, kwa kuwakumbuka watu wa Aad ambao waliliona wingu wakafurahi kuwa ni mvua na kumbe ni adhabu. Huyu ndiye bwana wa wenye kutawakali, na hakuwa mtu wa kuupuuza upepo. Na Umar bin Khattab (R.A.) aliporudi njiani kutoka Sham kwa habari ya tauni, akaulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, jawabu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari yake nyingine. Habari aliyoipata Umar ilikuwa ni taarifa ya hatari iliyo mbele, naye akaifanyia kazi.

Tofauti ya kuwa na taarifa na kutokuwa nayo sisi Wazanzibari tunayo katika historia yetu. Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja bila mtu kujua kinakuja. Merikebu za Sayyid Barghash ziliangamia, mashamba ya mikarafuu yaling'oka, na Pemba iliyosalimika ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya (jina zuri waliopewa watu kwa jambo baya), kikafuatiliwa siku kwa siku, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na kikadhoofika karibu na Mafia. Wapo waliosema baadaye kuwa TMA walitutisha bure. Mtu aliyebaki bandarini akafika kwake siku ya pili hajapoteza kitu zaidi ya siku moja.

Sasa hukumu ya kupanda chombo. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, na Minhaj ya Imam Nawawi inasomwa katika darsa zetu. Katika mlango wa Hija, Nawawi anaeleza kwamba kupanda bahari kunamlazimu mtu ikiwa usalama ndio ulio ghalibu. Mafakihi wakabainisha kuwa hatari ikizidi, au ikilingana na usalama, haimlazimu, na wakazungumzia uharamu wa kupanda katika hali hiyo. Tuzingatie: hii ni Hija, nguzo ya Uislamu. Ikiwa nguzo ya Uislamu inaahirishwa kwa sababu ya bahari, itakuwaje biashara ya Sabasaba, harusi, au mechi ya mpira? Na imekuja katika hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad maana ya kwamba anayepanda bahari wakati imechafuka, dhima imeondoka kwake. Huko nyuma njia ya kujua kipi ni ghalibu ilikuwa ni kumuuliza nahodha na kutazama mbingu. Leo nahodha bado anaulizwa, na tangazo la hali ya hewa limeongezwa juu yake. Likitoka la "tahadhari kubwa" au mamlaka za usafiri wa baharini zikizuia vyombo, basi kutoka ni haramu, kwa nahodha na kwa abiria anayejua. Likitoka la "angalizo", hukumu inatofautiana kwa chombo: meli kubwa si sawa na ngalawa.

Na hapa lipo jambo ambalo hatulisikii katika hotuba zetu za Ijumaa. Sote tunajua kuwa aliyekufa maji anahesabiwa katika mashahidi wa Akhera. Kila msiba wa bahari maneno haya hutajwa kuwafariji wafiwa, na ni faraja ya kweli. Lakini wanavyuoni wa Kishafii waliokuja baadaye wameweka sharti: yule aliyeasi kwa hiyo safari yenyewe, kama aliyeendesha chombo wakati ambao vyombo havisafiri, hapati daraja hiyo. Tunamkusudia nahodha na mwenye chombo aliyejua. Abiria masikini aliyekata tiketi akaaminishwa kuwa kila kitu kiko sawa, tunamtarajia kila kheri kwa Mola wake.

Tukumbuke MV Spice Islander I, usiku wa Septemba 10, 2011, karibu na Nungwi, ikielekea Pemba na imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Tukumbuke MV Skagit, Julai 18, 2012, katikati ya kusi kama hii, karibu na Chumbe; chombo kilichotengenezwa Marekani kwa ajili ya maji ya ndani yaliyokingwa. Tuliswali sala ya maiti, tukasema ni kadari, na ni kadari kweli. Lakini kadari haiondoi dhamana. Minhaj katika milango ya diya inajadili vyombo viwili vinavyogongana, inajadili kutupa mizigo chombo kinapotaka kuzama, na nani anadhamini mali iliyotupwa. Mafakihi hao walikaa wakahesabu mpaka thamani ya robota lililotupwa baharini. Itakuwaje roho za watu waliozidishwa ndani ya chombo kwa ajili ya nauli? Rai yetu ni kuwa anayezidisha abiria au kuondoka kinyume na katazo, kisha watu wakafa, yuko katika mlango wa diya na kafara, si mlango wa rambirambi tu. Makadhi wetu na wabunge wa sheria walitazame hili.

Mwenye ngalawa ni mas-ala mengine, na hapa tunasema kwa tahadhari. Ni rahisi kumwambia mvuvi wa Jambiani asitoke siku tatu. Sisi tunaosema hivyo tuna mshahara au tuna duka. Yeye chungu chake ni cha siku kwa siku, na siku ya tatu atatoka hata bahari iwe vipi, kwa sababu analia mtoto. Basi anayemkataza na ampe. Mtu ambaye kazi yake imesimama na hana nyingine ya kumtosha ni katika mafakiri na masikini wa aya ya Zaka, hata kama ana nyumba ya mawe na ngalawa yake. Kamati za misikiti ya pwani ya mashariki ziweke fungu la wiki za kusi, na wenye kutoa Zaka mjini, ambao mwezi wa Ramadhani wanagawa mchele mpaka barabarani, wajue kuwa Julai huko Makunduchi na Kizimkazi ipo njaa isiyo na foleni. Tukifanya hivyo ndipo tutakuwa na uso wa kumwambia mvuvi abaki. Na yeye, upepo ukimkera, asiulaani. Imekatazwa kuutukana upepo, na amefundishwa kuiomba kheri yake na kujikinga na shari yake.

Yamebaki mawili madogo. Aliye ndani ya boti na wakati wa sala ukaingia huku chombo kinapiga mlama, asimame akiweza. Akichelea kuanguka au kizunguzungu kikubwa aswali kwa kukaa, na sala yake ni sahihi. Akielekea kibla na chombo kikageuka, naye ageuke.

Na aliyekata tiketi kisha likatoka tangazo la hatari, naye akakataa kupanda, je ana haki ya nauli yake? Chombo kisipoondoka, hapana shaka arudishiwe au ahamishiwe siku nyingine kwa ridhaa yake. Chombo kikiondoka na yeye akabaki kwa hofu yake tu, asili ya mkataba wa ijara ni kuwa udhuru wa mtu binafsi hauuvunji. Lakini ikiwa hatari ilikuwa ndiyo ghalibu, basi manufaa aliyoyakodi yamekuwa si halali kuyachukua, na mkataba wa manufaa yasiyofaa kisharia hausimami. Rai yetu ni kuwa nauli yake ni haki yake, na wenye vyombo wanaoandika katika tiketi kwamba pesa hairudi kwa hali yoyote wawaulize wanavyuoni kabla ya kuichapa.

Wallahu aalam.